SAMAKI WA BAHARI MILIMANI: JINSI YA KUWACHUJIA MAJI

Je, maji yakiwa maangavu machoni, ni salama kwa samaki? Watu wengi hujibu upesi kwamba ni salama. Jibu hilo limewagharimu wengi samaki wao, kwa maana sumu inayowaua samaki walio ndani ya kioo haina rangi, na ikiwa kidogo haina hata harufu.

Katika nyumba, mahoteli na shule za miji yetu ya Mbeya na Iringa si ajabu kuona tangi la kioo lenye samaki wa mapambo. Kwa kawaida hao ni samaki wa maji baridi. Lakini yuko pia anayetamani samaki wa bahari: wale wadogo wenye rangi ya chungwa na mistari myeupe, au wale wa buluu na manjano wanaoishi kwenye matumbawe. Tamaa hiyo si mbaya, ila gharama yake si ndogo. Kutoka pwani ya Dar es Salaam hadi Iringa ni mwendo wa kilomita zipatazo 500, na hadi Mbeya zaidi ya 800. Samaki aliyevumilia safari hiyo kisha akafa juma la pili kwa uzembe ni hasara ya fedha, na ni kiumbe kilichoteswa bure.

Mara nyingi tangi dogo, tuseme la lita 60, huja na kichujio kidogo cha kuning'iniza ndani. Kwa samaki wa bahari hicho ni haba. Ndiyo sababu watu huongeza chujio la nje, yaani mkebe uliofungwa kabisa, unaowekwa chini ya meza na kuunganishwa na tangi kwa mipira miwili. Leo tutaeleza kazi ya mkebe huo, namna ya kuufunga, na jinsi ya kuutunza katika nchi yetu ya milima, ambako hewa ni nyepesi, usiku ni baridi, na umeme hukatika.

SUMU ISIYOONEKANA

Samaki akipumua na kusaga chakula chake, hutoa amonia, na sehemu kubwa hutokea mashavuni mwake. Chakula kilichobaki nacho kikioza hutoa amonia. Mtu aliyewahi kuingia katika banda la kuku lililofungwa usiku kucha anaijua harufu yake kali. Baharini amonia hiyo hupotea ndani ya maji mengi yasiyo na mwisho. Ndani ya lita 60 haina pa kwenda.

Tena maji ya bahari yana ubaya wake katika jambo hili. Maji hayo yana hali ya magadi, na kipimo chake cha pH huwa karibu 8.2, wakati maji ya bomba yaweza kuwa karibu 7. Kadiri kipimo kinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ya namna ile inayoua. Kwa kila hatua moja ya pH sehemu hiyo huongezeka karibu mara 10. Basi uchafu ambao samaki wa maji baridi angeuvumilia waweza kumwua samaki wa bahari.

Ni nani awezaye kuiondoa sumu hiyo? Si kitambaa wala sifongo, maana imeyeyuka kama sukari katika chai. Wanaoiondoa ni vijidudu vidogo mno, yaani bakteria. Jamii ya kwanza huila amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Ndipo jamii ya pili huila nitriti na kuigeuza kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa mpaka izidi sana.

Mkulima wa mahindi wa Mbozi au wa Kilolo asidhani kwamba habari hii ni ngeni kwake. Amwagapo yurea shambani, kwanza hugeuka kuwa amonia udongoni, kisha bakteria wa namna hiyo hiyo huifanya nitriti, halafu nitreti, na hiyo ndiyo mizizi ya mahindi huifyonza kwa wingi. Kazi ifanyikayo ndani ya mkebe chini ya meza ndiyo ile ile ifanyikayo chini ya jembe lake.

BABA NA MWANAWE

Ujuzi huu ulipatikana kwa njia ya kupendeza. Mwaka 1850, huko London, mkemia mmoja aitwaye Robert Warington aliwaeleza wenzake jinsi alivyoweza kuwaweka samaki hai katika chombo cha kioo pamoja na majani ya majini na konokono. Alifahamu kwamba viumbe hao husaidiana: majani yakitoa oksijeni, konokono wakila yaliyooza. Baadaye alifanya majaribio kwa maji ya bahari pia.

Mwanawe, aliyeitwa Robert Warington vile vile, akawa mtaalamu wa kilimo katika kituo cha Rothamsted. Kuanzia miaka ya 1870 alichunguza jinsi amonia inavyogeuka kuwa nitreti katika udongo, akaonyesha kwamba kazi hiyo ni ya viumbe hai, na kwamba hufanyika kwa hatua mbili. Lakini hakufaulu kuwatenga viumbe wenyewe. Aliyefaulu ni Mrusi Sergei Winogradsky, mwaka 1890, akiwa Zurich katika Uswisi.

Hivyo baba alifuga samaki, na mwana akachunguza siri iliyowaweka samaki hai, ingawa yeye aliitafuta mashambani.

MKEBE NA VIUNGO VYAKE

Chujio la nje ni kitu chepesi kueleweka. Mpira wa kwanza huchukua maji kutoka tangini, nayo hushuka kwa uzito wake hadi ndani ya mkebe. Humo hupita katika vikapu vilivyopangwa. Juu ya mkebe kuna pampu ndogo ya umeme inayoyarudisha maji tangini kwa mpira wa pili. Kwa kuwa mipira yote miwili imejaa maji, uzito wa upande mmoja husaidia upande mwingine, na pampu haitumii nguvu nyingi.

Vikapu hupangwa hivi: maji yakutane kwanza na sifongo lenye matundu makubwa, kisha laini, ili uchafu unaoonekana unaswe hapo. Baada ya hapo yafuate mawe yenye matundu mengi, ambayo ndiyo makao ya bakteria. Mwisho, akipenda mtu, aweza kuweka mfuko wa mkaa maalumu wa kuchujia unaoondoa rangi na harufu, lakini mkaa huo huchoka baada ya majuma machache na kutakiwa kubadilishwa. Mkaa wa jikoni usitumiwe.

Mawe ya dukani hutengenezwa kwa udongo au kioo kilichochomwa. Lakini watu wa Rungwe wamejaliwa mawe yao wenyewe. Mlima Rungwe ulipolipuka miaka ipatayo 4,000 iliyopita, ulimwaga juu ya nchi mawe mepesi yaliyojaa matundu, ya namna ile watu wanayosugulia nyayo. Kila tundu ni chumba, na kiganja kimoja cha mawe hayo kina nafasi ya bakteria kuliko sakafu nzima ya tangi. Mtu akitaka kuyatumia, achague yaliyo safi yasiyo na alama za kutu, ayavunje yawe kama punje za njugu, ayaoshe mpaka maji yasiwe na vumbi, ayachemshe, kisha ayaloweke siku kadhaa mpaka yashibe maji. Mawe magumu kama yale ya Gangilonga pale Iringa hayafai kazi hii, kwa kuwa hayana matundu.

NAMNA YA KUUFUNGA

Kwanza, ukubwa. Kwa tangi la lita 60 tafuta pampu iliyoandikwa lita 300 hadi 400 kwa saa. Maandishi hayo hupimwa mkebe ukiwa mtupu. Ukishajaa vikapu na uchafu, maji yatapungua.

Pili, mahali. Mkebe sharti uwe chini ya tangi, wala usilale ubavu. Ukiuweka juu sawa na tangi, maji hayatashuka na pampu itavuta hewa.

Tatu, mdomo wa mpira wa kuchukulia. Wengi huushusha mpaka chini kabisa ya tangi. Sivyo. Mpira ukichomoka usiku, maji yataendelea kumwagika sakafuni mpaka yafike usawa wa mdomo huo. Ukiuweka katikati ya kimo cha tangi, samaki watabakiwa na nusu ya maji. Funika mdomo kwa wavu mdogo ili samaki asivutwe.

Nne, mpira wa kurudishia. Maji yaanguke juu ya uso wa maji na kuutikisa. Sababu yake tutaieleza hivi punde.

Tano, umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme upesi kuliko maji ya kawaida. Waya wa pampu uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likishuka na waya lianguke chini lisiingie soketini. Kila unapotia mkono majini, chomoa waya kwanza. Watoto wafundishwe hivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Usiliondoe chujio la zamani siku ile unayofunga jipya! Bakteria wako bado wanakaa katika lile la zamani. Yaache yote mawili yafanye kazi pamoja muda wa majuma 4 hadi 6, mpaka mkebe mpya upate wenyeji. Na kama tangi ni jipya kabisa, lisitiwe samaki mpaka vipimo vionyeshe amonia 0 na nitriti 0. Dawa za kupimia ni vichupa vidogo vinavyopatikana kwa wauzaji wa vifaa vya samaki, navyo ni macho ya mfugaji. Haraka haraka haina baraka.

HEWA NYEPESI YA MILIMANI

Vitabu vingi vya samaki vimeandikwa na watu wanaokaa nchi za chini. Sisi tunakaa juu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mita zipatazo 1,700. Hewa yetu ni nyepesi karibu sehemu moja kati ya 6 kuliko ya pwani, na kwa kadiri hiyo hiyo oksijeni inayoingia majini hupungua. Tena maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Pwani, maji ya bahari yenye joto la digrii 25 hubeba karibu miligramu 6.8 za oksijeni katika lita moja. Mbeya maji hayo hayo hayawezi kubeba zaidi ya 5.6 hivi.

Sasa kumbuka kwamba mkebe umefungwa, hauna hewa. Bakteria waliomo hupumua oksijeni inayokuja na maji tu. Samaki wanaitaka, na bakteria wanaitaka. Ndiyo maana twasema maji yanayorudi yautikise uso wa tangi mchana na usiku, na ikiwezekana iongezwe pampu ndogo ya hewa. Pwani mtu aweza kulisahau jambo hili na samaki wake wakapona. Huku kwetu ni hatari. Kwa sababu hiyo hiyo, katika lita 60 samaki wadogo wawili wanatosha.

Na baridi je? Samaki wa matumbawe wanahitaji digrii 24 hadi 27. Usiku wa mwezi wa Juni au Julai, Mbeya hushuka chini ya digrii 10. Basi hita ya maji ni lazima, pamoja na kipima joto, na tangi lisikae karibu na dirisha wala mlango.

UMEME UKIKATIKA

Hapa ndipo mkebe unapogeuka kutoka rafiki kuwa adui, na hapa ndipo watu wengi hupoteza samaki wao bila kujua sababu.

Umeme ukikatika, maji ndani ya mkebe husimama. Bakteria hawajui kwamba umeme umekatika. Huendelea kupumua mpaka oksijeni iliyomo imekwisha, na ndani ya saa chache huanza kufa na kuoza. Maji ya mkebe huwa machafu na yenye sumu. Umeme ukirudi saa nane za usiku, watu wamelala, pampu huanza yenyewe na kuyasukuma maji yale yote tangini. Asubuhi samaki wamekufa, na mwenye nyumba hushangaa kwamba wamekufa baada ya umeme kurudi, wala si kabla!

Basi fanya hivi:

1. Umeme ukikatika, chomoa waya wa pampu mara moja, ili isianze yenyewe usiku.

2. Ikipita zaidi ya saa moja au mbili, funga koki, fungua mkebe, mwaga maji yaliyomo, na uweke vikapu katika beseni pana lenye maji kidogo ya tangini. Mawe yawe nusu majini, nusu hewani. Bakteria wenye unyevu na hewa hawafi upesi.

3. Chota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, kila baada ya robo saa. Pampu ya hewa ya betri ni bora zaidi, nayo si ghali kuliko samaki.

4. Lifunike tangi kwa blanketi pande zote, ila acha nafasi ya hewa juu.

5. Usiwape chakula mpaka siku ya pili. Samaki mzima hafi kwa kufunga siku moja.

6. Umeme ukirudi, suuza vikapu kwa maji ya tangini, jaza mkebe upya, ndipo uwashe.

KUOSHA NA KUONGEZA MAJI

Wako wafugaji wanaolishutumu chujio la nje, wakisema kwamba katika maji ya chumvi hugeuka ghala la nitreti. Hao hutegemea mawe ya baharini yenye uhai ndani yake, kwa njia iliyoelezwa mwaka 1961 na Lee Chin Eng wa Indonesia. Shutuma yao ina ukweli, lakini kosa si la mkebe. Uchafu ulionaswa haujatoka majini, umefichwa tu. Usipoondolewa utaoza humo humo. Kwa hiyo sifongo lioshwe kila baada ya majuma mawili, na mkebe ufunguliwe kila mwezi.

Lakini angalia unavyoosha. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu vinavyotuletea maradhi, na klorini haichagui kijidudu kizuri na kibaya. Mawe yako ukiyaosha bombani, umewaua wenyeji wote kwa dakika chache. Yasuuze polepole katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, tena nusu yake tu mwezi huu, na nusu mwezi ujao.

Kila juma badilisha sehemu moja ya 10 ya maji, yaani lita 6. Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa samaki wa bahari, gramu 35 kwa lita, kwa hiyo gramu 210 kwa lita 6. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa haina madini mengine ya bahari. Maji ya mvua ni mazuri, ila yaliyopita juu ya bati huweza kuchukua madini ya zinki, ambayo ni sumu kwa viumbe wa baharini. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla ya kutumiwa.

Mwezi wa kiangazi, upepo mkavu wa Iringa hunywa maji ya tangi kila siku. Yanayopanda hewani ni maji peke yake, chumvi hubaki. Kwa hiyo chora mstari kwenye kioo, na maji yakishuka chini yake ongeza maji yasiyo na chumvi. Anayeongeza maji ya chumvi huzidisha ukali kila siku bila kujua.

NENO KWA ANAYEANZA

Kama hujawahi kufuga samaki wa kioo, anza na wa karibu. Ziwa Nyasa, linalogusa ufuko wa Matema, lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na wengine wao wana rangi za kushindana na samaki wa matumbawe. Wanatafutwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Maji yao hayahitaji chumvi, hubeba oksijeni zaidi, na mkebe ule ule huwafaa. Aliyefaulu nao mwaka mmoja ataweza kujaribu wa bahari.

Kwa anayetaka wa bahari, anunue kwa wauzaji wenye ruhusa, wala asiende pwani kuvunja matumbawe kwa ajili ya kupamba tangi. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vimehifadhiwa tangu 1975, na hifadhi ya bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ili samaki wapate mahali pa kuzaana. Vile vile samaki usiyemtaka tena usimtupe mtoni wala ziwani. Mpe mwenzako.

Mfugaji wa ng'ombe huwajua ng'ombe wake, huwapa maji, na usiku hulisikiliza zizi. Mfugaji wa samaki anayo makundi mawili: lile analoliona kwenye kioo, na lile asiloliona ndani ya mkebe. Kundi la pili nalo hula, hupumua, na hufa likinyimwa hewa. Likifa hilo, la kwanza halitakawia kulifuata. Kabla ya kulala, basi, usitazame samaki tu. Inama chini ya meza, usikilize kama pampu inavuma, na uutie mkono mahali maji yanaporudi uone kama nguvu yake ni ile ya jana.